Aliyeachwa Nyumbani Siku ya Picha

Mtu hawezi kufa Burma mwaka 1944 kisha akauza vitambaa Jeddah miaka ya sabini. Lakini picha moja ya ukoo wetu ilikuwa ikisema hivyo hivyo. Pande mbili za ukoo, wa Mombasa na wa Jeddah, kila mmoja uliamini la kwake, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba upande wa pili una nakala ya picha ile ile.

Picha ina watu sita. Ilipigwa studio Mombasa, mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba la kifahari. Katikati ameketi bibi mzee, mikono juu ya magoti. Kushoto na kulia kwake wameketi wanawake wawili vijana waliojitanda leso za namna moja. Nyuma wamesimama wanaume wawili na mvulana wa kama miaka kumi na miwili. Mwanamume wa kushoto amevaa gwanda la jeshi na kofia pana iliyokunjwa ukingo mmoja, zile walizovaa askari wa Afrika Mashariki katika vita vya Hitla badala ya tarbushi za zamani. Wa kulia amevaa kanzu, koti na kofia ya viua. Mvulana ni babu yangu mzaa baba. Juu yake hatukuwa na shaka, maana masikio yale tumeyarithi wengi.

Nyumbani kwetu Kibokoni picha hiyo ilitundikwa ukumbini tangu kabla sijazaliwa. Babu alifariki watoto wake wangali wadogo, kwa hiyo aliyeitia fremu ni ami yangu, kwa maelezo aliyoyaokota huku na huku. Mwenye gwanda, tuliambiwa, ndiye kaka mkubwa wa babu, aliyekwenda vitani asirudi. Mwenye kanzu ni ndugu wa kati, aliyehamia Hijazi. Kila khitma ya ukoo iliposomwa, jina la aliyekwenda vitani lilitajwa, na sisi watoto tuliinua macho kuitazama ile kofia pana. Majina yao sitayaandika hapa, kwani jamaa zao wako hai na wengine hawajaniruhusu.

Picha za namna hii ziko nyingi pwani kuliko tunavyodhani. Kati ya 1939 na 1945 zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki waliingia jeshini. Wako walioingia Keya (King's African Rifles), wako walioshika mizinga, wako madereva, wapishi, wauguzi na wachimba mitaro. Walipelekwa Abisinia mwaka 1941, Madagaska 1942, na baadaye Ceylon na Burma. Mwenye kupata likizo fupi kabla ya kupanda meli aliwachukua jamaa zake studio. Majina hayakuandikwa nyuma ya picha, kwa sababu kila aliyekuwa ndani ya nyumba aliwajua waliopigwa, na hakuna aliyefikiri kwamba itafika siku mtu wa nyumba ile ile aulize huyu ni nani.

Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, Riyadh, nakaa Malaz. Jamaa zetu wa Jeddah nilikuwa nawajua kwa simu tu: salamu za Idi, pole za misiba. Baba yao, yule ndugu wa kati, alikwenda kuhiji baada ya vita akabaki. Alifanya kazi bandarini, kisha akauza vitambaa karibu na Bab Makkah, kisha akaleta mke na binti yake. Mombasa hakurudi tena. Watoto waliozaliwa huko wakasema Kiarabu, na wajukuu wakabakiwa na Kiswahili cha kuitikia salamu.

Kuanzia mwishoni mwa 2021 mitaa mingi ya zamani ya Jeddah ilibomolewa kwa ajili ya mpango mpya wa mji, na Ghulail ulikuwa mmoja wao. Jamaa zetu walikuwa wakiishi hapo. Katika kuhama, sanduku la marehemu lilifunguliwa, na chini kabisa, ndani ya bahasha, ikatoka picha. Mjukuu mmoja akaipiga kwa simu akairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na maneno ya Kiarabu chini yake: babu yetu, Mungu amrehemu, alipokuwa mwanajeshi. Akaweka na picha ya kitambulisho cha babu huyo uzeeni. Ilikuwa sura moja: paji lile lile, kidevu kile kile chenye mfinyo katikati. Mwenye kofia pana ndiye aliyezeekea Jeddah.

Ami yangu aliwaka. Alituma sauti ndefu kutoka Mombasa akisema picha hii ameijua maisha yake yote, na kwamba watu waliokulia ugenini wasije kutunyang'anya shahidi wetu. Kwake jambo halikuwa la sura tu. Aliyekufa vitani hakuacha mtoto, na ami alijiona ndiye aliyeachiwa kazi ya kumkumbuka. Ukimwambia kwamba miaka yote hiyo dua zilielekezwa kwenye uso wa mtu mwingine, unamwambia kazi yake imeharibika. Naandika haya kwa sababu nimeona nyumba nyingi zikigombana juu ya picha, na mara nyingi ugomvi huanzia hapo hapo: mtu hatetei karatasi, anatetea miaka aliyoitunza.

Nilikwenda Jeddah wikendi moja, Alhamisi usiku baada ya kazi. Ni kilomita zaidi ya 900 kutoka Riyadh, na kwa mtu wa pwani tofauti ya miji hii miwili unaihisi mlango wa uwanja wa ndege unapofunguka: Riyadh hewa ni kavu inayopasua midomo, Jeddah unyevu unakupokea na harufu ya bahari ndani yake. Asubuhi nilipita Balad. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zina madirisha ya mbao yaliyochomoza juu ya vichochoro, na yeyote aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kueleza kwa nini mzee wetu alipofika hapa aliona anaweza kukaa.

Shangazi yangu, binti wa yule ndugu wa kati, sasa anaishi ghorofani kwa mwanawe. Amezaliwa Mombasa, ana umri wa kukaribia tisini. Nilimshika mkono nikambusu, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kisha akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga.

"U mtoto wa nani weye?"

Nikamtajia babu yangu.

"Ndiyo. Masikio hayo."

Mjukuu wake, kijana mwema mwenye haraka, alikuwa tayari ameshika simu, picha imekuzwa. Alimwelekezea kidole kila uso akiuliza kwa Kiarabu: huyu nani, huyu nani? Shangazi alijibu moja, la pili akasema hajui, la tatu akafunga macho. Watu wengi tunawauliza wazee hivyo. Tunawaweka kama mashahidi mahakamani, wajibu kwa jina moja moja, na wakisita tunahitimisha kwamba wamesahau. Mama yangu, ambaye alikuwa mfumaji wa habari za ukoo kuliko mtu yeyote ninayemjua, hakuuliza majina kamwe. Aliuliza nguo, alikula nini mtu, nani aligombana na nani. Jina lilikuja lenyewe likiwa limeshikana na jambo.

Nikampa shangazi nakala ya karatasi niliyoikuzisha kwenye duka moja la Batha, Riyadh, kubwa ya kutosha kushikwa kwa mikono miwili. Nikamuuliza juu ya leso. Kwa nini wanawake wale wawili wamejitanda leso moja?

Akacheka. "Si moja, ni pande mbili za doti moja. Hapakuwa na nguo."

Hapakuwa na nguo kweli. Kabla ya vita vitambaa vingi vya pamba vilivyouzwa pwani vilitoka Japani. Japani ilipoingia vitani Desemba 1941, mzigo ule ukakatika, na nguo zikawa za kupimiwa. Yule ami yake askari, alisema shangazi, alipata doti moja kwa mshahara wake wa jeshi akaikata: upande akampa mkewe, upande akampa mke wa mdogo wake. "Mamangu alikuja nao hapa. Aliuvaa hata ukawa kama karatasi."

Akaendelea kusema bila kuulizwa. Ilikuwa baada ya Idi ya Mfungo Tatu. Ami yake alikuja likizo akasema wote waende studio. Yeye, mtoto wa miaka saba, alikuwa ameshonewa gauni kwa ajili ya Idi na alitaka kupigwa picha nalo. Lakini alikuwa na surua. Wakamwacha kwa jirani, chumba chenye giza ili macho yasiumie, naye akalia hadi sauti ikakauka. Waliporudi, kila mmoja alikuja kumbembeleza kwa kumsimulia yaliyotokea huko: bibi alivyokataa kuketi mpaka mpiga picha atoke nyuma ya kile kitambaa cheusi, mvulana alivyocheka picha ikaharibika ikabidi ipigwe tena, na baba yake alivyomwomba kaka yake amvalishe gwanda.

"Amvalishe gwanda?"

"Babangu hakuwa askari hata siku moja. Alitaka kuona atakavyokuwa. Wakabadilishana nyuma ya pazia. Huyu," akaweka kidole juu ya mwenye kanzu, "huyu ndiye ami yangu. Hii kofia ya viua alishonewa na mkewe, na alipoondoka ilibaki ukutani chumbani kwake. Nimeiona mimi kila siku."

Mjukuu alimwangalia. Tangu picha itoke sandukuni aliamini kwamba baba wa bibi yake alikuwa mwanajeshi. Alimuuliza kwa nini hakusema.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema, kwa Kiarabu mara hii, ili aelewe.

Mpaka leo hilo linanirudia. Sisi tulitafuta mashahidi miongoni mwa waliomo pichani, na wote wamekufa. Aliyejua zaidi alikuwa mtoto aliyeachwa nje ya picha. Waliokuwepo waliiona siku ile mara moja, wakaenda zao. Yeye alisimuliwa na watu watano au sita, kila mmoja kwa upande wake, akaikamata yote kwa sababu iliuma. Tangu hapo, mtu akinionyesha picha ya zamani, swali langu la kwanza ni nani hakuwepo siku ile na angetaka awepo. Mke aliyekataliwa kwenda kwa sababu ya mimba. Ndugu aliyekuwa amegombana nao. Mfanyakazi wa nyumba aliyewapigia pasi nguo. Hao ndio wanaokumbuka nani alivaa nini, na kwa nini.

Neno la mzee halitoshi peke yake, hasa ukiwa na ami kama wangu. Niliporudi Riyadh niliitazama picha kubwa chini ya taa. Mikono ya gwanda inashuka hadi kwenye vifundo vya vidole. Kola imekaa wazi shingoni. Kofia imezama hadi karibu na nyusi. Mwenye kanzu naye, ambaye ni mrefu kwa kichwa kizima, kanzu inamwishia juu sana ya kifundo cha mguu, na chini yake vinaonekana viatu vizito vya kufunga kamba, viatu vya jeshi. Viatu hawakubadilishana. Kwa miaka yote ile jibu lilikuwa miguuni mwao, nasi tulikuwa tukitazama kofia.

Studio za wakati ule zilikuwa na desturi ya namna hii. Mpiga picha alikuwa na koti la kuazima, saa ya kuazima, hata redio ya kuweka mezani, na mtu alitoka pichani na mali ambayo hakuwa nayo mtaani. Nimejifunza kutoamini nguo. Gwanda linaweza kukusaidia kujua wakati: askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwa mfano, walikuwa na alama ya kichwa cha kifaru, na divisheni hiyo iliundwa 1943, basi picha yenye kifaru haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Beji ya Keya nayo ilikuwa na pembe ya tarumbeta yenye namba ndani, na namba ilionyesha kikosi cha nchi gani: 3 na 5 Kenya, 4 Uganda, 6 Tanganyika, 1 na 2 Nyasaland. Hiyo yote ni habari ya gwanda. Ya aliyelivaa utaitafuta kwingine.

Kwetu beji imefifia kabisa. Ilibaki tarehe. Kwa hesabu ya umri wa shangazi, ilikuwa Idi ya Mfungo Tatu ya mwaka 1362 wa Hijra, iliyoangukia Desemba 1943, naye alikuwa na hakika kwamba ami yake aliondoka kiasi cha miezi miwili baada ya picha, na kwamba baada ya hapo haikuja barua hata moja. Hilo la barua lilinishangaza, kwa sababu waliofika Burma waliandika, au waliandikiwa na wenzao wanaojua kuandika. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayoweza kutafutwa na mtu yeyote kwa simu yake. Ina mapengo yake. Ripoti ya tume yenyewe ya mwaka 2021 ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina popote. Lakini kwa vita vya pili orodha ni nzuri zaidi. Unatafuta kwa kubahatisha tahajia, kwa kuwa makarani waliandika majina yetu kama yalivyosikika masikioni mwao. Jina la mzee wetu lilikuwemo, pamoja na la baba yake, herufi mbili zimekosewa. Mpiga mizinga, Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe ya kufa: 12 Februari 1944.

Tarehe hiyo inajulikana. Mapema mwezi ule msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari. Moja ya meli hizo ilikuwa Khedive Ismail, yenye zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha 301. Alasiri ya tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Meli ilizama ndani ya dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake, na waliookolewa walizidi 200 kidogo tu. Manowari Petard na Paladin ziliisaka nyambizi ile na kuizamisha, na katika kuisaka zilirusha mabomu ya majini pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Habari za meli zilizozamishwa hazikutangazwa ovyo wakati wa vita. Walioachwa Mombasa walijua mtu wao amekwenda upande wa Burma na hakurudi, wakasema amefia Burma.

Kwa hiyo hakufika. Hakupiga mzinga hata mmoja kwa Wajapani. Jina lake liko kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, ambako jamaa zetu wamepita kwa gari miaka nenda miaka rudi wakielekea shughuli zao.

Nilimpigia shangazi kumweleza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema mbele ya mjukuu. Baba yake, habari ya msiba ilipofika, aliitoa picha ukutani. Hakuweza kuitazama. Alikuwa amesimama ndani ya nguo za kaka yake, anatabasamu, na kaka yake hayupo. Alikwenda nayo Hijazi lakini hakuitundika tena, wala hakuisimulia kwa watoto waliozaliwa huko. Wajukuu walipoikuta sandukuni walimwona babu yao ndani ya gwanda, wakahitimisha walichohitimisha. Hawakudanganya mtu. Upande wao walijua sura na hawakujua habari. Sisi tulijua habari na hatukujua sura.

Ami alikataa kwanza. Alisema mwanamke wa miaka tisini asisumbuliwe. Sikubishana naye. Nilimtumia kipande cha picha, miguu peke yake: kanzu fupi, viatu vya kamba. Sikuandika neno. Zilipita siku kadhaa bila jibu, kisha akaniomba nimtumie ile ya mikono, vidole vilivyomezwa na gwanda. Baadaye binti yake akaniambia kwamba ami ameishusha fremu, ameifungua, na ameandika majina nyuma kwa kalamu ya wino, yote sita, na chini yake la shangazi, na maneno kwamba alikuwa mgonjwa siku hiyo. Khitma iliyofuata ilisomwa kwa jina lile lile, na ami mwenyewe aliwaonyesha watoto ni nani wa kumtazama.

Kisha akaniuliza swali ambalo nafikiri lilikuwa limemkaa tangu mwanzo. Yule mwanamke wa kulia, mwenye upande wa pili wa doti, ambaye sote tulidhani ni mke wa aliyehamia Hijazi, kumbe ndiye mjane. Alikwenda wapi baada ya eda? Shangazi anakumbuka kwamba aliolewa tena, na mume wa pili alikuwa mtu wa Malindi, mwenye jahazi. Ile kofia ya viua iliyokuwa ukutani haikuonekana tena tangu siku aliyohama. Ami ameanza kuuliza msikitini kwa wazee wa Malindi, na mimi huku naulizia kwa wenzangu wa upande huo wanaofanya kazi Riyadh, maana mama huyo huenda alizaa huko, na wanawe huenda wana nakala ya tatu.